Mashine ya Kadi Dukani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Maduka wa Mtwara na Lindi

Nina duka la vifaa vya ujenzi Masasi. Tangu mashine ya kadi, ile ya kupokelea malipo ya kadi za benki, ikae kaunta kwangu, majirani wa fremu za pembeni hawaishi kuniuliza habari zake, na wengine hunipigia kutoka Newala, Nachingwea, hata Kilwa Masoko. Maswali ni yaleyale, basi nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya muuza bati na misumari aliyeitumia mashine yenyewe, akauliza benki na kusoma, maana kabla sijalielewa jambo hili lilininyima usingizi.

Wateja wetu ni wakulima wa korosho. Huku Kusini nani ana kadi?

Wengi wanazo, ila zimekunjwa kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho, zinasubiri msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/2008, hela ya mkulima haipiti tena mkononi. Ukiacha kangomba, yaani ununuzi wa magendo nje ya chama, ambao ni marufuku, korosho inakwenda chama cha msingi, inaingia ghalani, inauzwa mnadani kupitia chama kikuu, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, kisha malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima.

Sasa tazama kinachofuata. Mkulima anapanda gari kutoka kijijini hadi mjini. Anapanga foleni ya ATM kwenye jua. ATM ina kikomo cha kutoa kwa siku, kwa hiyo anatoa kipande leo, analala kwa ndugu, anatoa kingine kesho. Anatembea na burungutu hadi dukani kwako, unalihesabu, unalificha, na asubuhi unalirudisha benki ileile lilikotoka. Hela imezunguka mji mzima, ikahatarisha watu wawili, na mwisho imerudi ilikoanzia. Kadi aliyoichomeka kwenye ATM, kama ina alama ya Visa au Mastercard, ndiyo hiyohiyo angeweza kuichanja kwako.

Halafu kuna walimu, wauguzi na askari, ambao mshahara wao unapita benki mwezi hadi mwezi. Mtwara mjini wapo wa bandarini, wa kiwanda cha saruji, na wanaofanya kazi kwenye gesi ya Msimbati na Madimba. Kilwa Masoko na Mikindani wapo wageni waliokuja kuona magofu na majengo ya kale, na hao wengi hawana kitu mfukoni zaidi ya kadi.

Noti zina ubaya gani? Mbona tumefanya nazo biashara miaka yote?

Hazina ubaya, na hata kwangu bado ndizo nyingi. Tatizo ni wingi wake. Noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000. Mteja akija kununua bati na mbao za nyumba nzima, hesabu ikafika milioni tatu, hizo ni noti 300. Unazihesabu mbele ya watu, huku wateja wengine wamesimama wanatazama. Ukikosea unarudia. Ikiingia moja bandia katikati ya mia tatu, utaijulia benki, na benki hairudishi.

Ubaya mkubwa zaidi ni Jumamosi. Benki zinafunga mchana, na Jumamosi jioni ya Novemba ndiyo saa ambayo wenye hela ya mnada wananunua. Mwaka mmoja tulifunga duka tukiwa na zaidi ya milioni kumi, benki hadi Jumatatu. Tukaziweka kwenye ndoo tupu ya rangi, tukaipanga katikati ya ndoo nyingine zilizojaa. Siku mbili nzima sikula vizuri. Kila mbwa akibweka nilikaa kitandani. Hakuna aliyekuja, lakini nilijua kwamba vijana wangu watatu wote wanajua ile ndoo ni ipi, na wana marafiki, na marafiki wana marafiki. Jumatatu ile ndiyo niliyoingia benki kuuliza habari za mashine.

Mashine ikiibwa, mwizi atapata namba za siri za wateja wangu?

Hapana. Hili nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo moyo wa jambo zima: teknolojia hii imetengenezwa ili siri ya mteja isikae dukani kwako hata dakika moja.

Tuanze na kadi ya zamani. Nyuma yake kuna mkanda mweusi wa sumaku, ndugu wa utepe wa kaseti. Kilichoandikwa pale hakibadiliki: leo, kesho na mwakani ni kilekile. Mtu akiupitisha mkanda huo kwenye kifaa kidogo cha kunakili, anatengeneza kadi nyingine inayosomeka vilevile. Kwa miaka mingi wizi wa kadi duniani ulikuwa huo.

Chipu ni habari nyingine kabisa. Kile kidude cha rangi ya dhahabu mbele ya kadi ni kompyuta ndogo, na ndani yake kuna ufunguo ambao hautoki nje. Kadi inapochomekwa, mashine inaipa habari za muamala huo: kiasi, tarehe, aina ya fedha, na namba mpya isiyotabirika. Chipu inazichanganya na ufunguo wake na kutoa saini ya tarakimu inayofaa mara moja tu. Benki iliyotoa kadi inaikagua saini hiyo na kusema ndiyo au hapana. Mwizi akiinasa saini ya mfuko wa saruji wa saa nne, saa tano haimfai kitu.

Wazo hili lina umri. Mfaransa Roland Moreno aliandikisha hataza ya kadi yenye kumbukumbu mwaka 1974, na hadi mwisho wa 1992 benki za Ufaransa zilikuwa zimehamishia kadi zao kwenye chipu. Kampuni za Europay, Mastercard na Visa zikakubaliana kiwango kimoja miaka ya 1990, ndiyo maana kinaitwa EMV, kwa herufi za kwanza za majina yao. Uingereza ilifanya chipu na namba ya siri kuwa lazima Februari 2006. Marekani ilichelewa: huko ilikuwa Oktoba 2015 ndipo hasara ya kadi bandia ilipoanza kumwangukia muuzaji asiye na mashine ya chipu. Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2033 kadi zake hazitakuwa tena na mkanda wa sumaku. Kwa hiyo sisi wa Kusini tunaoanza leo tunaanzia kwenye chipu moja kwa moja, na hiyo ni bahati yetu.

Namba ya siri nayo ina ulinzi wake. Mteja akibonyeza, tarakimu zinafumbwa kwa hesabu humohumo ndani ya mashine, na kila muamala una ufunguo wake. Wewe huzioni. Kijana wako hazioni. Hata kampuni ya simu inayobeba mawasiliano inaona fumbo tu. Zaidi ya hayo, mashine ina vihisio vinavyojua imefunguliwa. Ukiingiza bisibisi, inafuta funguo zake zote yenyewe, na kuanzia hapo imebaki plastiki.

Jirani yangu mmoja aliibiwa mashine na boksi la kaunta usiku mmoja. Alilia zaidi kwa ajili ya mashine. Asubuhi alipiga simu benki, wakaifunga, na mauzo ya wiki ile yote yalikuwa tayari kwenye akaunti yake. Hela taslimu iliyokuwa kwenye boksi ndiyo aliyoipoteza.

Kuna kadi zinazoguswa tu, bila kuchomeka. Hizo si hatari?

Ndani ya kadi hizo kuna antena, na mawasiliano yake yanafika sentimita chache tu, karibu upana wa vidole viwili au vitatu. Saini ya mara moja inatolewa kama kawaida. Kwa kiasi kidogo mashine inaweza isidai namba ya siri. Kikizidi kikomo kilichowekwa, inadai. Kwa duka lenye foleni, kama famasi au supamaketi, kugusa ni neema, maana kadi haitoki mkononi mwa mwenyewe. Simu za kisasa nazo zinaweza kuguswa hivyo, na hapo namba inayosafiri ni tokeni, yaani namba mbadala. Namba halisi ya kadi haifiki kabisa dukani.

Nina Lipa Namba tayari. Kwa nini nijiongezee kazi?

Usiiondoe Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu. Kwa mtu wa kilo ya misumari na kopo la gundi, simu inatosha na ni nyepesi. Mimi nina vyote viwili, na bango la TANQR, ule msimbo unaosomwa kwa kamera ya simu, lipo ukutani, maana Benki Kuu imeweka mfumo wa pamoja unaounganisha mitandao na benki.

Kadi inashinda pale kiasi kinapokuwa kikubwa. Hela ya mnada iko benki. Kuihamishia kwanza kwenye simu kuna makato na vikomo vyake. Inashinda pia kwa mgeni asiye na laini ya Tanzania. Na inashinda kwenye jambo ambalo limewaumiza wengi huku: ujumbe wa uongo. Mteja anakuonyesha simu yake, "Nimeshatuma, angalia," au unaingia ujumbe unaofanana na wa kampuni, kijana anaachia mzigo, jioni hesabu haikubali. Kwenye kadi jibu linatoka benki hadi kwenye mashine yako mwenyewe, na karatasi inachapwa kwako. Simu ya mteja haina nafasi ya kusema lolote.

Makato je? Benki inakula kiasi gani?

Inakata asilimia ya kila muamala, na asilimia hiyo iko kwenye mkataba wako. Ndani yake wanagawana benki iliyotoa kadi, mtandao wa kadi, na benki iliyokupa mashine. Kadi za nje kwa kawaida hukatwa zaidi. Uliza viwango vyote kabla ya kusaini, na uliza kama kuna ada ya kukodi mashine ya kila mwezi au mauzo ya chini unayotakiwa kufikisha.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Tuseme ni shilingi mbili kwa kila mia. Kwenye mauzo ya milioni tatu yameondoka 60,000. Inauma kuitazama. Lakini weka upande wa pili: bodaboda ya kupeleka hela benki na kijana wa kumsindikiza, saa mbili za foleni mwenye duka ukiwa haupo, noti bandia moja moja, chenji iliyotolewa kimakosa, na upungufu ule wa jioni ambao hakuna anayeukubali. Nilipoandika vitu hivi kwenye daftari kwa msimu mmoja, kwangu makato yalikuwa madogo kuliko hayo yote.

Sisemi hivyo kwa kila duka. Kama unauza sukari na unga kwa faida ya shilingi mia kwa kilo, asilimia mbili inaweza kula sehemu kubwa ya faida. Piga hesabu yako mwenyewe, usinakili yangu. Na usimwongezee mteja bei kwa sababu amelipa kwa kadi, kwani mikataba mingi inakataza, na mteja akijua amelipishwa zaidi ya aliyelipa taslimu, harudi.

Hela inaingia lini?

Mara nyingi siku ya kazi inayofuata. Mauzo ya Jumamosi yanaweza kuonekana Jumatatu au Jumanne. Ukiwa na mzigo wa kulipia Dar, panga kwa kuzingatia hilo.

Umeme ukikatika au mtandao ukilala?

Umeme si shida kubwa, kwani mashine nyingi zina betri. Ichaji usiku kila siku. Mtandao ndio mtihani. Mashine hutumia laini ya simu, kwa hiyo kabla ya kuichukua, iombe kwa majaribio na uijaribu mahali penyewe kaunta ilipo. Kuna fremu ambazo ukuta na bati vinaziba mawimbi, na ukitoka nje hatua tatu yanarudi. Uliza pia kama wanaweza kukuwekea laini ya kampuni yenye nguvu mtaani kwako. Liwale na Masasi hazifanani, hata Mtwara mjini Shangani na pembezoni hazifanani.

Na kuna siku zinazoshinda ujanja wote. Mwezi Mei 2024 tulizipata kwa pamoja: kimbunga Hidaya kilifuatwa na mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, nchi nzima ikasuasua. Ndiyo maana nasema noti zibaki. Duka linalotegemea njia moja tu ya kupokea hela linaweza kufungwa na wingu.

Mashine imekataa, lakini mteja ameshakatwa. Nifanyeje?

Swali hili linaleta ugomvi kaunta kuliko mengine yote, kwa hiyo wafundishe vijana mapema. Kinachotokea ni hivi: ombi lilifika benki, benki ikashika hela, lakini jibu likapotea njiani kwa sababu mtandao umekatika. Mashine haikupata jibu, ikaandika kwamba muamala haukukamilika. Kwa kawaida mashine au mfumo hutuma maelekezo ya kufuta, na hela hurudi kwenye akaunti ya mteja, ingawa inaweza kuchukua siku kadhaa.

Usichanje mara ya pili kwa haraka. Kwanza chapisha muamala wa mwisho uone hali yake. Kama umeandikwa umekubaliwa, toa mzigo. Kama umekataliwa na mteja ameonyesha ujumbe wa kukatwa, mpe karatasi ile ya kukataliwa, piga namba ya huduma ya benki yako mbele yake, andika namba ya kumbukumbu. Mwambie ukweli kwamba hela haiko kwako. Mimi humwekea mteja mzigo wake pembeni kwa jina lake hadi jambo liishe. Bati zikikaa stoo siku tatu haziozi, na yule mtu anajua sikumwibia.

Ndugu wa mteja yuko Dar, anataka kunitumia picha ya kadi kwa WhatsApp ili niikate. Nikubali?

Usikubali, hata akiwa mjomba wako. Picha hiyo ina namba ya kadi, tarehe ya mwisho, na zile tarakimu tatu za nyuma, yaani kila kitu ambacho mwizi wa mtandaoni anakihitaji. Ikishaingia kwenye simu yako, umejigeuza stoo ya siri za watu. Simu ikiibwa au kijana akiinakili, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Kiwango cha usalama cha kadi duniani, kiitwacho PCI DSS, kilichotoka mara ya kwanza Desemba 2004, kinakataza kabisa kuhifadhi zile tarakimu tatu au namba ya siri baada ya muamala kuidhinishwa. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Daftari la kaunta lenye namba za kadi za wateja linaweza kukuletea kesi.

Anayeona ninatia chumvi aangalie kilichotokea Marekani mwaka 2013. Maduka ya Target, makubwa kuliko lolote tulilonalo, yaliingiliwa na programu hasidi kwenye mitambo ya kaunta, ikachota habari za kadi karibu milioni 40. Zilichotwa pale zilipopita wazi ndani ya kompyuta za duka. Somo lililobaki ni kufumba habari ndani ya kile kifaa kinachosoma kadi, ili zikifika kwenye kompyuta ya duka ziwe fumbo tayari.

Huyo ndugu wa Dar ana njia nzuri. Atume kwa Lipa Namba, au ahamishe benki kwenda akaunti yako, au benki yako ikupe kiungo cha malipo ambacho ataingiza namba zake mwenyewe kwenye ukurasa wa benki.

Mteja akienda benki kukana kwamba hakununua?

Anaweza, na ni haki yake, kwa sababu kuna watu kadi zao hutumika bila wao kujua. Lakini hapa ndipo chipu na namba ya siri zinapokulinda. Kadi ikisomwa kwa chipu na namba ya siri ikabonyezwa, dai la kwamba kadi ilikuwa ya bandia kwa kawaida haliangukii duka. Ukiruhusu kupitisha mkanda wa sumaku kadi yenye chipu, au kuingiza namba kwa vidole, mzigo unaweza kuwa wako.

Malalamiko mengi yanaweza kuletwa hadi siku 120 baadaye, kwa hiyo karatasi zako ndizo mashahidi. Tena zitunze kwa akili. Karatasi ya mashine huandikwa kwa joto, haina wino, na kwa joto letu la pwani maandishi yanafifia yakawa kivuli. Mimi hupiga picha karatasi za siku kila jioni. Haina hatari, kwa kuwa huonyesha tarakimu chache za mwisho tu za kadi. Kwa mzigo mkubwa, andika na nani aliuchukua na kwa gari gani, mteja asaini.

Vijana wa kaunta je? Kadi itapunguza wizi wa ndani?

Itaupunguza sana, ingawa haitaumaliza. Hela ya kadi haipiti mkononi mwa mtu, kwa hiyo haipungui kati ya kaunta na boksi. Jioni mashine inachapa jumla ya siku, muamala kwa muamala na saa yake. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hii ni daftari inayojiandika. Kwangu imeleta na amani, kwa sababu siku hizi hesabu ikipungua simshuku kila mtu. Natazama tu upande wa taslimu.

Linda sehemu moja: kurejesha na kufuta. Mashine ina neno la siri la msimamizi linaloruhusu kurudisha hela kwenye kadi. Kijana mjanja akilijua, anaweza kurudisha mauzo ya leo kwenye kadi ya rafiki yake. Libadilishe siku ya kwanza, usiache lile lililokuja na mashine, na lijue wewe na mtu mmoja tu unayemwamini. Na kila asubuhi itazame mashine yenyewe. Kama kuna kitu kimebandikwa juu ya vitufe au mahali pa kuchomeka, au namba ya nyuma si ile uliyoandika, usiitumie. Mtu akija akisema ametumwa na benki kuibadilisha, mwache asubiri nje, piga simu benki kwanza.

Karatasi ya kadi inatosha kwa TRA?

Haitoshi. Ile ni ushahidi wa malipo. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, unaitoa kama kawaida, na kiasi vifanane. Kumbukumbu za biashara unatakiwa kuzitunza miaka mitano.

Mgeni anataka kulipa kwa dola. Mashine inaweza?

Wenye maduka na nyumba za wageni wa Kilwa na Mikindani huniuliza hili. Tangu kanuni za Machi 2025, bei ya bidhaa na huduma ndani ya nchi inatajwa na kulipwa kwa shilingi. Kadi imelirahisisha: wewe unaingiza shilingi, mgeni anachomeka, na benki yake huko kwao inabadilisha. Hakuna haja ya kumtafutia chenji ya dola wala kukagua noti ya mia kama ni halali.

Ikiharibika nimpelekee fundi simu?

Usithubutu. Kama nilivyoeleza, ikifunguliwa inajifuta. Irudishe benki.

Nianzie wapi?

Anzia benki uliyo na akaunti ya biashara. Beba TIN, leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA. Kama ni kampuni, na hati za usajili. Kampuni nyingine za malipo nazo hutoa mashine. Zote zinatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, kwa hiyo uliza leseni bila haya. Benki Kuu ina tawi Mtwara. Ukiwa na shaka au lalamiko lisilosikilizwa, mlango uko karibu.

Kabla ya kusaini, waulize nani anakuja ikiharibika Jumamosi, na anatokea wapi. Benki iliyokuahidi fundi kutoka Dar haijakuahidi kitu katikati ya msimu. Waombe wamfundishe kijana wako mbele yako, wachanje muamala mdogo wa kweli, kisha waurudishe ili uone hatua zote. Na ufanye hayo Agosti au Septemba. Oktoba mnada wa kwanza ukishafunguka, kila mtu anaomba mashine, na wewe unahesabu noti.

Wazee wengine wananipa kadi na kunitajia namba ya siri kwa sauti. Nifanyeje?

Kwangu hili hutokea kila msimu. Mzee anatoka kijijini Tandahimba au Nanyumbu, kadi kaipata kwa ajili ya korosho tu, herufi hazioni vizuri, na anakuamini. Anasema, "Mwanangu, namba yenyewe hii hapa," na kumbe imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya kadi.

Nimewaambia vijana wangu wasiibonyeze kamwe namba ya mtu, hata akiwaomba. Tunafanya hivi. Tunamkalisha mzee kwenye kiti karibu na kaunta. Tunaingiza kiasi na kumsomea kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, "Mzee, hapa pameandikwa laki nne na elfu themanini, ni sawa?" Akikubali, tunamwekea mashine mapajani. Kitufe cha katikati, cha namba tano, kina kidoti kinachogusika kwa kidole. Tunamwonyesha hicho, na kwamba moja iko juu kushoto, sifuri chini. Kisha tunageuka kutazama barabarani. Mara ya kwanza anachukua dakika tano na kukosea mara moja, na tunamwambia aende taratibu kwa sababu akikosea mara tatu kadi inaweza kufungwa. Kikaratasi tunamshauri akitoe, akamwachie mtu wake wa nyumbani anayemwamini, au aikariri namba kwa tarehe anayoikumbuka mwenyewe, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa.

Msimu uliopita mama mmoja mzee wa kijijini Newala alirudi mara ya pili kununua misumari ya kumalizia paa. Kabla sijasema neno, alisogeza kiti, akainyoosha mikono kuidai mashine, na kuniambia nigeuke.